Vigingi vya Bi Mize

Hii nimetumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa, na aliyeianza simjui. Niliisoma nikakasirika, ndiyo maana naipeleka mbele. Lakini tafadhali isome mpaka chini kabla hujaitupa kwenye kundi la familia, maana tabia ya kusoma mistari miwili na kubonyeza ndiyo hasa inayosemwa humu.

Palikuwa na mfalme wa kisiwa kidogo aliyependa rangi mbili tu, kijani na dhahabu. Alipotawazwa alitoa amri kila mali ya serikali ipakwe rangi hizo, ili mtu asisahau ni ya nani. Vijana wakazunguka kisiwa kizima na makopo na brashi. Wakapaka madawati ya shule, ndoo za hospitali, mapipa ya taka. Wakapaka hata vibao, na maneno yakafunikwa humo humo, mpaka wageni wakawa wanapotea njia. Mfalme yeye alifurahi kuona kisiwa kinang'aa.

Kisiwa hicho kilipata mtandao kwa mkongo mmoja, waya mnene uliolazwa chini ya bahari kutoka bara. Siku ya kusherehekea kuzaliwa kwake, mfalme aliwapandisha wageni kwenye boti yake ya fahari, wakaenda kula na kupiga picha baharini. Alasiri hiyo hiyo mtandao ukakatika. Kupigiana simu kuliwezekana, redio nayo ilisema, lakini picha, ujumbe na malipo vyote viliganda. Boti ya mfalme ilirudi mapema kuliko ilivyotangazwa. Nani angekuwa na habari na boti? Kila mtu alikuwa ameinua simu juu, anazunguka uani kutafuta mtandao.

Kesho yake wenye mkongo walipiga simu kutoka bara. Walisema umekatika baharini, sababu bado haijajulikana, meli ya kuuunga iko njiani, watu wawe na subira. Taarifa ikasomwa redioni asubuhi, mchana na jioni.

Ilikuwa taarifa fupi na ya kweli, na hakuna aliyeitaka. Watu wazima, wenye ndevu zao na vyeti vyao, walikataa kabisa neno "haijajulikana". Mmoja akasema ni taifa kubwa linatupeleleza. Mwingine akasema ni papa, mkongo unanukia kama pweza. Wengine wakasema jini wa baharini amechoshwa na uchafu ambao vijana wanautazama kwenye simu. Wako walioapa kuwa wenye mkongo wameukata wenyewe ili wapandishe bei ya vifurushi. Kila mmoja alikuwa na uhakika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika ufukweni.

Mfalme hakuwatuliza. Aliunda kamati ya kupokea maoni ya wananchi, na kila jioni maoni yaliyopendeza zaidi yalisomwa redioni pamoja na jina la mwenyewe. Watu wakamsifu, wakasema mfalme wetu anasikiliza. Foleni ya maoni ikawa ndefu kuliko ya hospitali.

Sasa mjini palikuwa na kinyozi anaitwa Faki, fundi wa wembe na fundi wa maneno. Siku moja, akiwa anamchonga mteja ndevu, alisema hivi hivi tu:

"Jamani, vile vigingi anavyopigilia Bi Mize baharini kila siku, havijatoboa mkongo kweli?"

Bi Mize alikuwa mjane, mkulima wa mwani. Maji yakipwa, aliingia baharini na nyundo yake, akapigilia vijiti vyenye urefu wa mkono wa mtu, akatanda kamba kati yake na kufunga vipande vya mwani. Kisha alisubiri wiki kadhaa ukue, akavuna, akaanika, akauza. Hakuwa na kazi nyingine wala mtu wa kumlisha. Shamba lake lilikuwa mgongoni mwa kisiwa. Mkongo uliingilia upande wa bandarini, upande wa pili kabisa. Yeyote mwenye miguu angeweza kwenda kutazama na kurudi kabla chai haijapoa.

Hakuna aliyekwenda. Swali la Faki lilitoka kwenye kiti cha kinyozi likiwa swali, likafika sokoni likiwa habari, na jioni likasomwa redioni likiwa ushahidi. Na lilishika kuliko yote, nami nitakwambia kwa nini. Taifa kubwa liko mbali. Papa hakamatiki. Jini haonekani. Bi Mize alikuwa karibu, na hakuwa na ndugu mwenye cheo.

Asubuhi iliyofuata umati ulimkuta majini, maji ya magoti, anakagua mwani uliokuwa umebakiza siku chache uvunwe.

"Bi Mize, toka humo!" alifoka Faki.

"Kuna nini, mwanangu? Nani kafa?"

"Umetukatia mtandao kwa hivyo vigingi vyako."

Bi Mize alitazama vijiti vyake, akawatazama wao. "Kwani mkongo unapita huku?"

Hakuna aliyejua unapita wapi.

"Faki, wewe umeona kwa macho yako?"

"Kisiwa kizima kinasema."

"Sijakuuliza kisiwa. Nimekuuliza wewe."

Mtu aliyeumbuka mbele ya umati ni hatari, na Faki alikuwa ameumbuka. Alijitosa majini, akang'oa kigingi cha kwanza. Wengine wakamfuata. Waling'oa wakicheka, kamba zikakatika, mwani ukaelea, mawimbi yakauzoa. Jirani yake Kazija, ambaye miaka yote walisaidiana kuanika, alisimama pale ufukweni akasema, "Mimi nilishahisi zamani." Alihisi nini? Hata hilo hakuulizwa.

Bi Mize alisimama katikati ya shamba lisilokuwepo tena, ameshika nyundo. Hakulia mbele yao. Nawajua watu wa namna ya hao waliong'oa, na wewe unawajua. Wengine tunasali nao.

Mfalme alipoletewa habari kwamba mkosaji amepatikana, alishusha pumzi ndefu. Waliokuwepo walidhani ni ya huzuni. Akaamuru Bi Mize aletwe bandarini mbele ya watu wote.

Hukumu ilikuwa tayari kabla hajafika. Asikanyage tena bahari ya kisiwa hicho, na meli ya kwanza itakayotia gati imchukue imtupe bara. Bi Mize alikuja na kifurushi cha nguo kwapani. Alisomewa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono.

"Mtukufu, naomba kuuliza. Wewe mwenyewe unaamini ni mimi?"

Mfalme alizungusha pete kidoleni. "Si suala la mimi kuamini, mama. Wananchi wamesema."

"Wananchi wamesema walichosikia. Mimi nakuuliza wewe unachokijua."

Pale pale mfalme angeweza kuwa mfalme. Neno moja tu lilitosha. Alitazama baharini, akatazama viatu vyake, akasema, "Mtengenezeeni safari."

Meli ya kwanza haikukawia. Ilionekana adhuhuri hiyo hiyo, na ilikuwa ile ya kuunga mkongo. Watu wakashangilia kwa furaha mbili, mtandao unarudi na mkosaji anaondoka. Nahodha wake, mwanamke mpana mwenye suruali iliyojaa grisi, aliteremka ngazi na kumsalimu mfalme kwa heshima.

"Kazi imekwisha, Mtukufu. Tumeunga huko huko baharini. Muda si mrefu simu zenu zitaamka."

Kabla hajamaliza, simu zikaanza kulia mifukoni, moja baada ya nyingine, zikipokea kila kilichokuwa kimekwama.

"Mungu akulipe, nahodha," alisema mfalme haraka. "Kuna abiria mmoja wa kuondoka naye."

"Nitampokea. Ila kwanza turudishe mali yako."

Akawapungia mkono watu wake. Winchi ikaguna, na kutoka ubavuni mwa meli ikashushwa nanga, ikawekwa kwenye saruji mbele ya miguu ya mfalme. Ilikuwa ya kijani, na ncha zake za dhahabu.

"Tuliikuta imeng'ang'ania mkongo," alisema nahodha. "Kamba yake imekatwa kwa kisu, nadhani ilipokataa kung'oka. Rangi zako tunazijua, tukasema bila shaka wanaitafuta."

Alisema kwa nia njema kabisa, kama mtu anayerudisha kandambili zilizosahauliwa msikitini. Akaongeza:

"Na mtusaidie jambo moja. Pale mkongo unapoingilia paliwekwa kibao cha kuwakataza watu wasitie nanga. Mbona mmekipaka rangi mpaka hakisomeki?"

Watu wote wakaikodolea nanga macho. Hapakuhitajika shahidi. Mfalme mwenyewe ndiye aliyetaka mtu asisahau kitu ni cha nani.

Sasa ungetegemea nini? Ungetegemea watu wamgeukie Bi Mize, wamwangukie miguuni. Sikiliza walichofanya.

"Mimi nilijua tangu mwanzo!" alipaza sauti Faki. Ndiyo, Faki yule yule. "Boti si ilirudi mapema? Mlisahau?"

"Hata mimi nilishangaa," alisema Kazija.

"Nasikia nanga yenyewe imepakwa rangi jana," alinong'ona mwingine nyuma. "Nahodha kahongwa na wabaya wa mfalme."

Wakaanza upya, pale pale, kabla nanga haijakauka maji. Mfalme alipenya katikati ya kelele akaondoka. Jioni redio ikatangaza kwamba suala la nanga linashughulikiwa na kamati. Kuhusu Bi Mize haikusema kitu, si kumfukuza wala kumtaka radhi. Yeye aliokota kifurushi chake akavuka kisiwa kwa miguu kurudi kwake, na hakuna aliyemsindikiza.

Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba kuulizia vigingi vyake. Ajabu ya Mungu, siku ya kung'oa walikuwa umati, siku ya kuulizwa hakuna aliyekuwepo. Huyu alikuwa shamba, yule alikuwa na homa, Faki alikuwa ananyoa. Kwa Kazija aliviona vingine chini ya chungu, vinawaka.

"Nilivikuta ufukweni, shoga, nikadhani ni kuni," alisema Kazija, akikwepa macho yake.

Bi Mize alivitazama vikiungua. "Endelea kupika," alisema, akaenda zake.

Siku kadhaa baadaye gari la mfalme lilisimama mlangoni kwake. Likamwaga mzigo wa vigingi vipya vilivyochongwa vizuri, vyote vya kijani na vyote vina ncha za dhahabu. Hakukuwa na salamu wala neno la samahani, na dereva hakuzima hata injini. Bi Mize alitamani kuvichoma moto vyote. Lakini bamvua lilikuwa linakaribia, maji yatakupwa mbali, na asipopanda sasa atalala njaa. Akaketi kibarazani na kisu cha jikoni, akachukua cha kwanza, akaanza kukwangua rangi. Alikwangua mpaka mti ukaonekana mti.

Faki na Kazija walipita njiani wakamwona. Walisimama mbali kidogo, pale mtu anaposimama akitaka kuona bila kuitwa.

"Anakwangua nini yule?" aliuliza Kazija kwa sauti ya chini.

"Nasikia ndani ya rangi mna dhahabu ya kweli," alisema Faki. "Nasikia amelipwa na mfalme ili anyamaze. Si ajabu walikuwa pamoja tangu mwanzo."

Kisu kilisimama. Bi Mize aliinua uso, mikono imejaa unga wa kijani. Alikuwa umbali wa kusikia kila neno, kama alivyokuwa siku zote.

"Faki, unasikia kutoka kwa nani?" alisema. "Mimi niko hapa. Tangu siku ile niko hapa hapa. Niulize mimi."

Faki akakumbuka kuna mteja anamsubiri. Kazija akakumbuka chungu chake jikoni. Wakaondoka, kila mmoja njia yake, na hakuna aliyeuliza.

Bi Mize akachukua kigingi kingine.

Funzo: Uvumi haumtafuti mwenye kosa, humtafuta aliye karibu na asiye na mtetezi, na anayeufurahia kuliko wote ni mwenye kosa mwenyewe. Kama hujui, sema hujui, na kabla hujasema "nasikia", nenda kamuulize anayesemwa.