Bisi za Digidigi na Jiko la Nyati

"Kama majiko yako ni mazima, mbona nyumbani kwako mnapikia mafiga?"

Digidigi aliuliza hivyo barazani, enzi zile wanyama walipokuwa na nyumba na vyungu kama sisi. Nyati, fundi wa majiko ya udongo, alijikuna pembe tu.

Mbele yake alikaa Kanga, bawa limefungwa matambara. Jiko jipya alilonunua kwa Nyati lilimpasukia, paa! Sasa hawezi kuatamia. Mayai yake sita yanalaliwa kwa zamu na majirani, na majirani wameshaanza kuchoka.

"Aliliwasha vibaya," Nyati alinguruma. "Na kibao dukani kinasema wazi: mali ikishauzwa hairudishwi!"

"Na bawa je, linarudishwa?" Digidigi alidakia.

"Kaa chini, mwanangu," alisema Twiga, mwamuzi. "Bila ushahidi kwamba jiko lilikuwa bovu, sina la kufanya."

Digidigi aliondoka amefura. Ushahidi! Vipande vyote Nyati alishavizoa.

Kesho yake akanunua jiko dukani kwa Nyati, akabandika sufuria juu yake bila kutia hata kaa moja. Nyuma ya pazia akawasha moto kwenye mafiga, akaweka tayari chungu cha mahindi ya bisi. Kisha akawaalika chakula Twiga, Kanga na Nyati, na walipobisha hodi akakiinjika.

"Karibu, mzee wangu! Kaa hapa, karibu na jiko lako."

Nyati akasita. "Hilo... umeliwasha?"

"Tangu asubuhi! Sogea basi, mbona unarudi nyuma?"

Ta! Ta-ta! Pa!

"Mama wee! Tokeni! Linapasuka! Udongo ule haukukauka, niliwahi soko!"

Nyati akatoka mbio na fremu ya mlango shingoni.

Digidigi akafunua pazia. Bisi zilikuwa zikirukaruka chunguni. Twiga akainama, akaligusa jiko kwa ulimi. Baridi kabisa.

"Kumbe ulijua, Nyati," alisema Twiga, akitoa kichwa dirishani kumtazama Nyati aliyekuwa akihema uani. "Ulijua, ukamuuzia."

"Lakini kibao..."

"Kibao hakitibu bawa! Utamuuguza Kanga mpaka apone. Majiko uliyouza utayafuata nyumba kwa nyumba. Na kuanzia leo, mayai utayapasha joto wewe, kwa pumzi yako, mpaka yaanguliwe."

"Na polepole," Kanga aliongeza. "Ukipuliza kwa nguvu yatabingirika."

Anayeuza kitu kibovu hubeba madhara yake, aandike asiandike ukutani.

Nanyi wadogo zangu, naomba jambo moja: mkiona kitu kibovu kinauzwa, mwambieni jirani kabla hajakinunua.