Ngazi Chumbani kwa Mama

Mbacha ni mkeka wako mkuukuu, umechakaa lakini unakulaza. Msala ni mkeka wa kuswalia, wa kupendeza, ila mwenye nao anapita njia tu. Anayeutupa wake kwa kuutamani wa mpita njia atalala chini. Enoka wa Tunduma aliisoma methali ya mikeka hiyo shuleni, akaitolea maelezo mazuri kwenye mtihani. Maisha yalipomtahini, akafeli.

Nyumba aliyoishi ilijengwa na mama yake, Ketrina, mjane aliyetoka Ileje na mtoto mgongoni, akauza maharage mpakani mpaka bati likapanda juu. Enoka alikulia humo, akaoa humo. Kisha akajitokeza Sebastian, wakala wa malori, mtu wa suti na maneno matamu. Aliahidi kwamba Enoka akipandisha ghorofa, yeye atalikodi lote, kwa familia yake na ofisi, miaka nenda, miaka rudi. Enoka akavimba kichwa.

Mchoraji ramani, Ipyana, alishauri ngazi ziwekwe nje, nyuma ya nyumba. Sebastian akakunja uso, akasema ngazi za nje ni za gesti. Basi zikabidi ziingie ndani, na palipofaa palikuwa mahali pamoja tu: chumba cha Mama. Ipyana akasita, akauliza kama mwenye chumba ameshirikishwa. Enoka akamwambia achore tu, mama ni wake yeye.

Jioni ile alimtandazia mama yake ramani mezani, akamweleza kila kitu kwa mbwembwe. Ketrina aliikodolea macho, akakitafuta chumba chake.

"Mimi nipo wapi hapa, mwanangu?"

Enoka akajiumauma, akasema aende kwanza kupumzika kwa dada yake kule Isongole, ujenzi ukiisha atatafutiwa pa kukaa. Atatafutiwa! Ndani ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake! Ketrina hakubisha. Alifungasha nguo zake, akapanda gari la Isongole siku ileile mafundi walipoanza kubomoa ukuta wa chumba chake.

Ghorofa likasimama, likapendeza, mtaa mzima ukalisifu. Sebastian akahamia kwa vifijo. Mwaka haukuisha, akapata nyumba kubwa kule Mpemba, yenye uwanja wa kuegesha malori, akahama bila hata kuaga vizuri. Wapangaji wengine walipanda, wakachungulia, wakashuka; hawakutaka kupita ndani ya nyumba ya watu kila siku. Nyumba ikapoa. Watoto walimuulizia bibi yao kila wakila, na Enoka akawa anaona haya hata kuzitazama zile ngazi.

Hatimaye akaenda Isongole kumrudisha. Alimkuta mama yake anapukuchua mahindi, akamweleza kwamba stoo imesafishwa, imepakwa rangi, na kitanda kimeshaingizwa. Ketrina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sebastian angekuwa bado yupo, ungekuja?"

Enoka alifungua kinywa, uongo ukagoma kutoka. Akainamisha kichwa.

"Haya, nenda salama, baba," mama yake akasema, akaendelea na mahindi yake.

Enoka alirudi Tunduma peke yake, akapanda juu kwenye ghorofa lisilo na mtu, akalia kama mtoto mdogo. Mama hakurudi, wala mpangaji hakupatikana. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.