Shukrani ya Bi Kalunde kwa Swila

Jamani, ngano yaja!
— Na ije, tumeketi!
Ije na meno au ije kibogoyo?
— Ije na meno, mradi isituume!

Hapo kale, kale ya kale, watu na wanyama walipokuwa wakisemezana kama majirani, aliishi mjane mmoja akiitwa Bi Kalunde. Mali yake ilikuwa ghala moja la mtama. Si mtama wa kula, huo ulikwisha. Ulikuwa mtama wa mbegu. Mvua ikija, apande. Mbegu ikiisha, hana cha kupanda, na asiyepanda atavuna nini?

Na panya walikuwa wakiimaliza. Akiwafukuza, wanakimbia. Akigeuka, wanarudi. Akiziba tundu, wanatoboa jingine. Kila asubuhi aliingiza mkono ghalani, na kila asubuhi mkono ulizama zaidi kabla ya kugusa mbegu.

Mwaka huo moto uliunguza pori, nyoka wakatoka kutafuta makazi. Chini ya ghala palikuwa na kichuguu cha zamani chenye shimo zuri. Wakaja watatu kupiga hodi.

Wa kwanza alikuwa Kifutu, mnene, mzito.

"Hodi, mama. Nipe shimo, nitakulia panya."

"Karibu, baba. Na mtu akikujia, wewe hufanya nini?"

"Sifanyi kitu. Nalala palepale, nafanana na majani makavu."

"Akikukanyaga?"

"Namwuma."

"Bila kumwambia?"

"Kwani yeye ameniambia kabla ya kunikanyaga?"

Bi Kalunde akacheka. "Una haki yako, baba. Lakini mimi nikija ghalani macho yangu huwa juu. Nenda salama."

Wa pili alikuwa Koboko, mrefu, mwembamba, mwepesi.

"Mtu akikujia, baba, hufanya nini?"

"Nakimbia."

"Vizuri! Na akisimama mbele ya shimo lako?"

"Hapo, mama, usiniulize. Nikizibiwa njia nauma, tena nauma mara nyingi, na niliyemwuma haoni jua likitua."

"Una haki yako, baba. Lakini shimo hilo liko mlangoni pa ghala langu. Tutazibiana njia. Nenda salama."

Wa tatu alikuwa Swila.

"Mtu akikujia, baba?"

"Nasimama, natanua shingo. Maana yake: nimekuona. Asiporudi, nafoka. Maana yake: rudi. Asiporudi, namtemea mate ya sumu machoni. Asiporudi hata hapo, nauma."

"Loo! Maneno yote hayo kabla ya kuuma! Hata marehemu mume wangu hakunionya hivyo. Karibu, baba."

"Ila ujue, mama, masikio yangu ni mazito. Mimi nasikia kwa tumbo, ardhi inapotikisika. Ukija, kanyaga kwa kishindo."

"Nimesikia."

Swila akaingia shimoni. Akala panya. Akala vyura na mijusi. Siku moja alimmeza hata nyoka mwenzake, akalala siku kadhaa bila kutoka. "Na kifaranga kikipotea, mama," alisema, "tusiulizane sana." Mbegu ikaacha kupungua. Bi Kalunde akaingiza mkono ghalani, akaikuta pale alipoiacha jana. Akalia kwa furaha.

Sasa, katika kijiji kile shukrani ilikuwa na adabu yake. Mwenye kushukuru alivua viatu. Alinyata. Alinyamaza kimya. Na zawadi aliitoa kwa mikono miwili, akaiweka mikononi mwa mfadhili wake. Kumjia mfadhili kwa kishindo kulikuwa ufidhuli mkubwa. Bi Kalunde alilelewa hivyo, na akasahau kwamba Swila hakulelewa hivyo.

Mara ya kwanza alinyata na bakuli la uji, akaliweka mdomoni pa shimo. Kesho yake uji ulijaa sisimizi.

Mara ya pili alinyata na maziwa. Kesho yake chura alikuwa ametumbukia ndani. Swila akamla chura, akayaacha maziwa.

"Ameikataa shukrani yangu," Bi Kalunde akanung'unika.

Panya mmoja mzee akamchungulia kutoka darini, mbavu zinahesabika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe bado upo?"

"Nimebaki mkia tu, bibi. Lakini nakuonea huruma. Mfadhili wako unamwekea chakula chini, kama mbwa! Mpelekee yai. Mkabidhi hukohuko ndani, mkononi."

"Hana mikono."

"Ana heshima, bibi. Heshima haihitaji mikono."

Panya yule alijua jambo. Swila alikuwa anakaribia kujivua gamba. Siku kama hizo macho yake huingia ukungu, haoni, na hataki kuguswa. Panya akawaza: nyoka atamdhuru bibi, watu watamwua nyoka, na mbegu itarudi kuwa yetu. Tusimhukumu sana, wenzangu. Mwenye njaa huwaza kwa tumbo.

Mara ya tatu Bi Kalunde alivua viatu. Akanyata. Akanyamaza kimya. Akapiga magoti, akaingiza mikono miwili shimoni na yai lake.

Swila gizani akahisi kitu kinamjia. Akasimama, akatanua shingo. Akafoka: "Fffff!"

Bi Kalunde akasikia. "Ananishukuru," akasema moyoni, akainamisha uso amwone.

Pyuu!

"Yalaa! Macho yangu! Nakufa mie!"

Swila akatoa ulimi, akaonja hewa, akamtambua. "Mama! Kumbe ni wewe? Usifikiche! Maji, mama! Maji mengi, osha, osha tena!"

Jirani yake, Bi Mbuke, akaja mbio na mtungi. Akamwagia maji, akamwagia tena, mpaka mtungi ukakauka. Kisha akakimbia jikoni, akarudi na kijinga cha moto.

"Leo namchoma humohumo!"

"Choma, dada, choma!" panya akashangilia huko juu.

Bi Kalunde alikuwa chini, macho yamevimba, hajui kama ataona tena. Akanyoosha mkono hewani mpaka akaushika mkono wa mwenzake.

"Weka moto chini, shoga. Alinifokea, nami nikamsikia. Ni mimi niliyejipa maana niliyoitaka."

"Lakini macho yako!"

"Macho ni yangu, na mbegu ni yangu. Bila yeye ningekuwa na macho mazima, nisiwe na cha kutazama shambani."

Bi Mbuke akaguna, akauzima moto mchangani.

Swila akasema kutoka ndani, taratibu: "Mama, kinywa changu kinakujua, mwili wangu haukujui. Mkono ukiingia gizani kwangu, mwili hauulizi ni wa nani. Hata nikupende vipi, sumu ni ileile."

"Basi, baba, nikushukuru vipi?"

"Kwa kishindo, na kwa mbali. Shimo langu usilizibe. Moto usiulete. Hapo nitakuwa nimeshukuriwa."

Kesho yake Swila akajivua gamba, macho yakawa maangavu. Panya mzee hakujua. Aliteremka polepole kuliiba lile yai lililobaki mdomoni pa shimo. Swila akamla panya, kisha akalimeza yai zima. "Shukrani imefika," akasema.

Bi Kalunde akaendelea kuoshwa macho na Bi Mbuke. Uvimbe ukapungua. Mwanga ukarudi kidogo, ukarudi zaidi. Mvua ikaja, akapanda mbegu yote. Asubuhi moja akatoka mlangoni, akaona shamba zima limechipua kijani. Aliliona mwenyewe, kwa macho yake.

Akaenda mpaka karibu na ghala, si karibu sana. Akapiga mguu chini kama mcheza ngoma, ti! ti! ti!

"Asante, baba! Asante sana!"

Shimoni Swila akahisi ardhi ikitikisika, akamjua. Hakusimama mtu, hakufoka mtu. Bi Kalunde akasubiri kidogo, akatabasamu, akaenda kupalilia.

Basi, wenzangu, mfadhili wako mshukuru kwa namna inayomfaa yeye, si kwa namna inayokupendeza wewe. Na anayekuonya kabla ya kukudhuru amekuheshimu. Msikie.

Ngano yangu imeingia shimoni. Mwenye mkono mrefu asiifuate!
— Hatuifuati, tunaishukuru kwa mbali!