Tembo Aliyehesabu Milio ya Vinu

Hapo zamani za kale, na nyie mnaochekacheka huko nyuma nyamazeni, maana hii si ya kuchekesha sana, wanyama wote wa bonde walikuwa wakitwanga mahindi uani kwa Mzee Tembo. Asubuhi wanakuja, jioni wanarudi makwao, kila mmoja na kibaba chake cha unga, ndio ujira wake.

Mwaka mmoja kikaingia kikohozi kibaya. Tembo akaogopa.

"Sitaki kukoholewa uani kwangu!" akasema. "Kila mtu abebe kinu chake akatwangie nyumbani. Unga mtamletea mnyapara Nyati, aumwage ghalani."

Aliyefurahi kuliko wote ni Mama Digidigi. Mama yake mzazi alikuwa amevunjika nyonga, hawezi hata kujigeuza kitandani, na kila siku alishinda peke yake mpaka jioni. Sasa binti yake angemgeuza, angemnywesha uji, na kazi angeifanya.

Na aliifanya! Aliyapukuchua mahindi, akayalowanisha, na yalipokuwa yanalainika akamhudumia mama. Kisha akayasaga juu ya jiwe, kwaru, kwaru, taratibu. Kule uani alikuwa akitoa kikapu kimoja kwa shida. Nyumbani akatoa viwili, tena unga laini.

Lakini Tembo hakutulia.

"Nyati, hawa nisiowaona, wanafanya kazi kweli?"

"Unga unakuja, Mzee."

"Unga wa nani? Si umechanganyika wote ghalani! Mimi nitasikiliza. Kinu kinacholia kinafanya kazi. Kinu kikinyamaza, mwenyewe amelala."

Jamani! Kuchungulia kikapu cha kila mmoja kabla hakijamwagwa kulikuwa na ugumu gani? Lakini mkubwa akishasema, nani ambishie?

Jirani yake Mama Digidigi alikuwa Kindi, mdogo, mwepesi, mjanja kupita kiasi. Aliposikia amri ile, akaufunga mchi kwa kamba kwenye tawi jembamba, juu ya kinu kitupu. Upepo ukivuma, tawi linainama. Pu! Pu! Pu! Yeye yuko chali kivulini, anavunja karanga. Jioni anapeleka kikapu cha makapi, juu amenyunyiza unga kidogo. Nyati anamwaga bila kutazama.

"Jirani, huogopi?" Mama Digidigi akamuuliza.

"Niogope nini? Mzee anataka mlio, nampa mlio. Nikufungie na wewe, dada?"

"Mimi nasaga kweli, Kindi."

"Haya, shauri yako!"

Mwezi ulipokwisha, Tembo akawaita wote, wakasimama mbalimbali kwa kuogopa kikohozi.

"Kindi! Kinu chako hakinyamazi. Kuanzia leo utapata vibaba viwili. Na wewe Mama Digidigi, kwako kimya kama makaburini. Hama bonde langu!"

Mama Digidigi akapiga magoti.

"Mzee, nakuomba, upime unga wangu peke yake, siku moja tu. Mama yangu hawezi safari. Atanifia njiani."

"Kila mvivu ana mgonjwa! Kindi, wewe ndiye jirani yake. Umewahi kumsikia akitwanga?"

Kindi alijua. Kila siku alimwona yule mama ameinamia jiwe, jasho linamtoka. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lingeleta pia maswali juu ya kinu chake.

"Sijawahi kumsikia akitwanga, Mzee."

Na ilikuwa kweli, ndiyo maana inaniuma kuisimulia. Mama Digidigi akambeba mama yake mgongoni, akashika njia ya kilimani. Hakuna aliyemtetea, wala aliyemsindikiza.

Wenzake walikuwa na haraka nyingine. Walikwenda kwa Kindi kufundishwa. Haikupita wiki, bonde zima likawa Pu! Pu! Pu! asubuhi mpaka jioni.

"Sikilizeni!" Tembo akashangilia. "Sijapata kuwa na wachapakazi kama hawa!"

Siku moja akataka ugali. Nyati akaenda ghalani, akarudi na makapi matupu. Tembo akaruka, gudu gudu gudu, mpaka kwa Kindi, mchapakazi wake. Akaukuta mchi unapiga wenyewe, kinu hakina hata punje.

"Kindi! Nini hiki?"

"Mlio, Mzee," Kindi akajibu, huku tayari yuko juu ya mti. "Uliagiza mlio, ukaulipa vibaba viwili. Unga hukuniuliza hata siku moja."

Akaruka tawi hili, akaruka lile, akatokomea.

Tembo akamtuma Nyati mbio akamrudishe Mama Digidigi. Nyati akamkuta ng'ambo ya kilima, amekaa kando ya kaburi bichi, mikono ina udongo.

"Mama, Mzee anakuita. Anasema ukasagie nyumbani kwako, kimya kimya utakavyo. Atakupa vibaba vitatu."

Mama Digidigi hakuinua macho.

"Nyumbani nilitaka nikae na mama," akasema. "Sasa nikae na nani?"

Nyati akarudi mikono mitupu, na kwa kuwa mahindi yasiyosagwa yalikuwa yameshaliwa na wadudu, mwaka ule bonde zima lililala njaa.

Basi wanangu, hilo ndilo la kushika: anayelipia kelele, atakula kelele.