Ghala la Mgaya

Ukimaliza kusoma, mpelekee yeyote unayemjua anayefunga begi la safari.

Jumbe Mwalongo alikuwa mtu wa kutaka kujua. Jambo likimkaa kichwani halali, na mwaka ule lilimkaa hili: katika vijiji vyake, nyumba ambazo mume amekwenda mbali kutafuta kazi zilikuwa na njaa kuliko zile ambazo aliyekwenda ni mke. Ajabu ni kwamba wanaume ndio waliolipwa zaidi huko.

"Wanaume wakifika mbali wanasahau kwao," wazee wa baraza waliamua.

Jumbe hakuridhika. Mvua za kwanza ziliponyesha, akachukua fimbo yake akaenda kujionea mwenyewe. Mkewe alimwita kutoka mlangoni, naye akampungia mkono bila kugeuka. Alidhani anamtakia safari njema.

Alianzia kwa Kaduma, ambaye mkewe anafanya kazi za ndani mjini. Alimkuta anapanda mahindi, watoto wameshiba na wanafukuzana uani.

"Mkeo anakutumia nyingi?"

"Kidogo tu, Jumbe. Kazi za ndani si unazijua."

"Sasa mnaishije?"

Kaduma alijikuna kichwa. "Mbona kawaida tu. Ikibidi kuuza mbuzi, nauza. Mbegu zikihitajika, nafungua ghala nachota. Nimuulize nani?"

Jumbe aliona hapo hapana la kujifunza, akaendelea na safari.

Alilala njiani, na kesho yake akafika kwa Edina, ambaye mumewe, Mgaya, yuko kwenye mashamba ya mkonge. Edina alikuwa anatoka kwa jirani na bakuli la unga wa kuazima. Shamba lake lilikuwa limelimwa vizuri sana, lakini halijapandwa hata shimo moja.

"Mgaya amekutupa?"

"Hajanitupa. Kila mwezi anatuma kwa kaka yake, anunuliwe mabati."

"Na mbona hupandi?"

Edina alimpeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na ghala limejaa mahindi, mengine yanachungulia kwenye nyufa za mbao. Mlangoni lilining'inia kufuli.

"Mbegu zimo humo," alisema. "Ufunguo anao yeye huko mkongeni. Huku kwetu ghala hufungua mume mwenye nyumba, Jumbe wajua. Nimempelekea ujumbe, anasema nisubiri atakuja mwenyewe. Mvua hii ikipita sijapanda, wanangu mwaka mzima hawana chakula."

Jumbe alikasirika kwelikweli. Mtu mzima na akili zake, asafiri na chakula cha wanawe mfukoni! Jasho likamtoka, akaingiza mkono mfukoni atafute kitambaa. Vidole vikagusa chuma baridi. Ulikuwa ufunguo wa ghala lake mwenyewe.

Aliurudisha mfukoni. Kisha akashika njia ya kwao mbiombio, hata kuaga akasahau.

Alimkuta mkewe shambani anafukia mbegu. Mlango wa ghala ulikuwa wazi, na kufuli liko chini, limevunjika.

"Nilikuita," mkewe alisema bila kuinua kichwa.

"Nilidhani unaniaga."

"Nilikuwa naomba ufunguo."

Jumbe akautoa, akamnyooshea kwa aibu. Mkewe akacheka. "Wa nini tena, Baba Lutengano?"

Lakini alipoelezwa habari za Edina, kicheko kilimwisha. Akaokota nyundo iliyokuwa kando ya ghala, akamtia mumewe mkononi. "Hii ndiyo yenye kazi. Rudi kabla mvua haijakatika."

Jumbe akarudi, miguu inamuuma, mvua inamnyeshea mgongoni. Alipoinua nyundo mbele ya ghala, Edina alimshika mkono.

"Mgaya akiuliza nimwambie nini?"

"Mwambie kufuli limevunjwa na mwanamume mwenzake aliyefanya kosa lile lile."

Jioni ile Edina alipanda mpaka giza likamfukuza shambani.

Funzo: Unapokwenda mbali kuitafutia nyumba yako riziki, uwe mume au mke, mwachie anayebaki mamlaka ya kuiendesha, maana pesa unazotuma haziwezi kulisha nyumba ambayo ruhusa yake umeondoka nayo.