Bunduki ya Rangi na Mlango wa Kulia

Palikuwa na mtu huko Mbinga, jina lake Gaudensi Ndunguru, aliyekuwa na binti mmoja, gari moja na ahadi moja. Binti aliitwa Redempta. Gari lilikuwa Pijo ya zamani iliyokaa nyuma ya nyumba miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Ahadi hiyo Gaudensi alimpa binti yake siku mkewe alipofariki, mtoto akiwa na miaka minne: siku ya harusi yako nitakupeleka kanisani kwa gari hili, na nitalitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Ahadi kwa watoto, jamani, huwa tunazitoa kirahisi tukidhani watasahau. Redempta hakusahau, na baba yake hakuwa mtu wa kukwepa.

Posa ilipopokelewa, Gaudensi akaanza kazi. Injini ilikubali. Kutu akaikwangua, palipobonyea akajaza puti, akapiga msasa mpaka alama za vidole vyake zikafutika, na siku ya kusajili laini ya simu mashine ya kusoma vidole ikamkataa. Ikabaki rangi, na rangi inataka bunduki ya kupulizia. Akaenda dukani, akakuta mbili. Moja ilikuwa kubwa, inang'aa, ya aina ile aliyoiona kwa mafundi wa gereji za mjini. Nyingine ilikuwa ndogo, kikombe chake juu, haina mvuto wowote. Kizuri chajiuza, na ile kubwa ilikuwa imeshajiuza kabla mteja hajafungua mdomo. Mwenye duka, mama mmoja mtaratibu, alimwuliza kwanza kompresa yake ya nyumbani ina ukubwa gani. Gaudensi akaona anadharauliwa. Akachukua kubwa, akatoka kifua mbele. Msimcheke. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kwenda kuchagua kitu tukiwa tumetazama kwanza tulicho nacho nyumbani?

Kompresa yake ilikuwa ndogo, ya kujazia matairi. Bunduki ile iliuvuta upepo wote mara moja. Ilipuliza vizuri kwa urefu wa mkono, kisha upepo ukapungua, ikaanza kutema matone. Akangoja tangi lijae, akarudia, ikatema tena. Rangi ilipokauka, mlango ulikuwa na vinundu kama ganda la chungwa. Akausugua wote, akaanza upya. Wiki mbili zikaenda hivyo, na tarehe ya harusi iko palepale. Alikuwa akiamka amechoka na moyoni anaogopa, maana hakuwa na kitu kingine cha kumpa mwanawe siku ile ila ahadi aliyomwahidi.

Mwishowe akaweka kiburi kando, akarudi dukani. Yule mama hakumsimanga. Aliipokea bunduki kubwa, akaifuta, akamkabidhi ndogo, akasema kwa upole, "Baba, bunduki huchaguliwa kwa upepo ulio nao, siyo kwa gari ulilo nalo."

Ile ndogo ilikwenda polepole, kipande kwa kipande, lakini haikutema. Ilikuwa mlango mmoja kwa siku. Upande wa kushoto ukatoka bluu safi, hata majirani wakawa wanakuja kujitazama humo. Ila siku zilizopotea ndizo zimepotea. Asubuhi ya harusi, upande wa kulia, upande wa dereva, ulikuwa bado kijivu cha rangi ya chini, umejaa michirizi ya msasa.

Gaudensi akafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya. Aliliegesha gari upande wa bluu ukiwatazama watu, kisha akaenda kusimama upande wa pili, akauegemeza mgongo wake kwenye kijivu kile, na suti yake mwilini. Wanawake wakamtoa bibi harusi kwa vigelegele, shangazi akamfungulia mlango wa bluu. Redempta hakuingia. Alimtafuta baba yake kwa macho, akamwona alivyosimama, naye akaelewa. Akakusanya gauni lake kwa mikono miwili, akalizunguka gari lote mbele za watu. Alimkuta baba yake macho yamejaa machozi, anatafuta pa kuanzia kuomba radhi.

"Sogea, Baba," akamwambia. "Mimi nitapandia huku."

Baba akasita, kisha akasogea. Suti ilikuwa na vumbi la kijivu mgongoni. Binti akalipangusa kwa mkono wenye glavu nyeupe, glavu ikachafuka, wala hakuitazama. Akaingia kwa mlango usio na rangi, akaketi nyuma ya baba yake, wakaenda kanisani.

Na wewe, ndugu yangu, unayeuziba kwa mgongo upande wako ambao haujapata rangi: anayekupenda akizunguka kukufuata huko, utasogea?