Kidawa na Anwani Zilizokwisha

Anwani za mtandao, ambazo kila mteja hupewa yake ili aunganishwe, zilimwishia Bwana Shebe, tajiri muuza intaneti aliyeijua kompyuta kwa kuipangusa vumbi tu. Wateja wapya wakawa wanafukuzwa. Fundi wake, Kidawa, alimshauri wahamie mfumo mpya wenye anwani tele.

"Ukiutaja tena, huna kazi!" Shebe akamkatiza.

Asubuhi moja Kidawa akamwambia, "Bosi, nimeuwasha, kwa majaribio tu."

Shebe alishinda akifoka mbele ya wabia wake. "Takataka gani hii? Inajikokota kama konokono mjamzito! Rudisha wa zamani!"

Kidawa akaingia chumba cha mitambo, akatoka. "Jaribu sasa, bosi."

"Mmeona? Huu ndio mtandao! Nyote mashahidi: huu ulio hewani sasa hautolewi mpaka nife!"

"Tumesikia, bosi. Ule wa asubuhi ulikuwa wa zamani. Mpya nimeuwasha sasa hivi."